Kesi Mbili, Mahakama Mbili

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaishi Baltimore. Nilihama nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akakataa kunirudishia amana yangu ya dola 1,400. Nilimshtaki mwenyewe kwenye madai madogo. Sasa jirani wa zamani ananiambia kampuni ya mwenye nyumba imefilisika na imekwenda mahakamani. Wakili sina uwezo naye. Nitajuaje kama ni kweli, na kesi yangu imefikia wapi? — Mpangaji wa zamani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nimekalimani mahakamani miaka mingi, na wengi wetu hupotea hapa hapa: wanadhani kuna kabati moja lenye kesi zote za Marekani. Halipo. Kesi yako ya amana ni ya jimbo la Maryland. Ufilisi husikilizwa na mahakama za serikali kuu tu. Kwa hiyo utafute sehemu mbili.

Anza na ya jimbo. Fungua tovuti ya Maryland Judiciary Case Search, ni bure. Andika namba ya kesi iliyo kwenye karatasi uliyopewa siku ya kushtaki. Utaona tarehe na kila hatua iliyochukuliwa, lakini usitarajie kusoma nyaraka zenyewe. Hizo ufuate kwa karani. Ukihamia jimbo jingine, usidhani mambo ni hayo hayo, kwani kila jimbo lina mfumo wake.

Kabla ya kugusa upande wa ufilisi, toa mkataba wako wa upangaji. Soma ukurasa wa kwanza na ule wa sahihi. Jina lililo kwenye bango la ofisi mara nyingi ni la wakala tu. Mwenye nyumba ni kampuni nyingine, pengine jina la mtaa na namba ya nyumba likifuatiwa na LLC, herufi zinazoonyesha ni kampuni binafsi. Nilimwona baba mmoja akilia kibarazani pa mahakama kwa sababu alikuwa ametafuta jina la bango miezi yote ile, huku jalada lenyewe liko chini ya jina lililoandikwa kwa herufi ndogo pale chini ya sahihi yake. Lile jina, herufi kwa herufi, ndilo utakalotafuta.

Sasa PACER, mfumo wa mahakama za serikali kuu. Kujiandikisha ni bure. Kila ukurasa unaoufungua ni senti 10, na waraka mmoja hauzidi dola 3 hata uwe mrefu vipi. Matumizi yako yasipozidi dola 30 katika robo mwaka, hulipi kitu. Ila utafutaji wa jina nao unahesabiwa, hata usipopata chochote, tena orodha ya majina haina ule ukomo wa dola 3. Ndiyo maana nimekusumbua na mkataba. Kabla ya kufungua waraka wowote, pitia CourtListener, tovuti ya bure ya nyaraka za mahakama: watu walioununua kupitia programu ya RECAP huuacha pale, wengine wausome bure.

Tovuti za biashara zinazokuahidi kesi zote kwa malipo ya mwezi, achana nazo. Nimeshika mkononi karatasi ya aina hiyo ikionyesha kesi bado iko wazi, ilhali hakimu alikuwa ameshaifunga.

Ukilipata jalada, namba yake itaanza na mwaka, mfano 25-1 na kuendelea. Tafuta tangazo la ufilisi, mara nyingi liko kwenye kurasa za mwanzo. Humo utakuta tarehe ya mwisho ya wadai, yaani watu wanaoidai kampuni kama wewe, kuwasilisha madai, pale inapokuwa imeshapangwa. Hiyo tarehe, mwanangu, iandike mahali utakapoiona kila asubuhi. Kampuni ikishafungua ufilisi, kesi yako ya jimbo kwa kawaida husimamishwa. Njia ya kudai amana huwa ni Fomu 410, fomu ya mdai ya mahakama ya ufilisi, na kuiwasilisha hakuna ada.

Mtandao ukikushinda, nenda 101 West Lombard Street, iliko mahakama ya ufilisi. Kompyuta za umma kwa karani hutazamwa bure, kuchapa ni senti 10 kwa ukurasa. Karani hatakushauri kisheria, lakini jalada atakuonyesha. Nenda na mkataba wako.