Toleo gani? Maswali ya mafundi wa CNC

Nimeweka LinuxCNC 2.9, programu ya kuendesha mashine kwa kompyuta, kwenye mashine ya kuchonga mbao. Nimefuata mwongozo nilioupata mtandaoni neno kwa neno, lakini mhimili wa X hauendi kutafuta swichi ya nyumbani, ile inayoonyesha pa kuanzia kupima. Kosa liko wapi?

Hukusema mwongozo ni wa toleo gani, ila faili ya INI (ya mipangilio) uliyonitumia imesema yenyewe: umeweka HOME_SEARCH_VEL, yaani kasi ya kutafuta nyumbani, chini ya AXIS_0. Huo ni uandishi wa 2.7 kurudi nyuma. Kuanzia 2.8, iliyotoka mwaka 2020, mhimili unaitwa kwa herufi, AXIS_X, na mota inayousukuma inahesabiwa kama kiungo, JOINT_0. Mipangilio ya kutafuta nyumbani ilihamia kwenye JOINT_0. Kwako sehemu hiyo haina kasi ya kutafuta, kwa hiyo programu inaichukua kuwa sifuri na kuamini kwamba hapo X iliposimama ndipo nyumbani. Hili ni la hatari kuliko unavyodhani, maana mipaka ya mwendo nayo inapimwa kutoka hapo, na siku moja utaugonga mwisho wa reli.

Tena, ukikuta maelezo yanaitaja EMC2, jina la zamani la LinuxCNC, ujue ni ya zamani zaidi. Jina hilo liliachwa baada ya kampuni ya EMC kulilalamikia mwaka 2011. Nyaraka zinazolingana na toleo lako tafuta kwanza kwenye kompyuta ya mashine yenyewe: fungua menyu ya CNC, au andika kwenye terminali amri ya `man`, inayofungua ukurasa wa mwongozo, kwa mfano `man halui`. Hapo hutumii hata bando.

Grbl (programu ya kuendesha CNC ndogo): $100, yaani hatua za mota ya X kwa milimita, niweke ngapi?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara bila vipimo. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva imegawa kila hatua mara 8, skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko: 200 × 8 ÷ 8 = 200. Weka vipimo vyako, kisha pima mwendo kwa rula.

Kitufe cha dharura cha kwenye skrini kinatosha?

Hapana. Funga swichi halisi inayokata umeme wa mota bila kupitia kompyuta, kabla hujawasha tena.

Nimeandika kipengele changu cha HAL, sehemu ya LinuxCNC inayounganisha programu na vifaa, na kinafanya kazi. Maelezo yake niyaandike wapi, ukizingatia Kiingereza changu ni cha kuungaunga?

Ningetamani kila barua iwe kama hii. Andika ndani ya faili ileile ya .comp, yenye msimbo wa kipengele chako. Baada ya jina la kila pini (njia ya kuingizia au kutolea ishara) weka maelezo yake kati ya alama za kunukuu: inapokea nini, kwa kipimo gani, na thamani yake ikiwa "kweli" (true) kinatokea nini. Halafu `halcompile --document` itakutolea ukurasa wa man. Maelezo yakikaa pembeni ya msimbo, atakayebadilisha msimbo atayaona.

Kuhusu Kiingereza, usijizuie. Sentensi mbovu iliyo sahihi kiufundi itanyooshwa na mwingine kwa dakika tano, lakini ulichokipima wewe hakuna atakayekibuni. Mwongozo mkuu umeandikwa kwa AsciiDoc, faili za maandishi matupu zilizo kwenye hazina moja na programu, na tafsiri zake zinafanyiwa Weblate, tovuti ya kutafsiria. Ukishindwa hayo yote, ripoti mstari mmoja uliopitwa na wakati, utaje na toleo.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja ambako mashine ilikuwa imelala wiki tatu. Fundi aliyeifunga alishaondoka na faili hazikuwa na hata mstari mmoja wa maelezo. Nilipofungua mlango wa boksi la umeme nikakuta kipande cha katoni kimebandikwa, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: "pini 10 swichi ya X, imegeuzwa." Kwenye faili nikabadilisha `pin-10-in` kuwa `pin-10-in-not`, yaani ishara iliyogeuzwa, X ikaenda nyumbani.

Nifanye nini ili nisisahau nilichobadilisha?

Kabla ya kugusa faili, inakili na tarehe kwenye jina. Ukibadilisha namba, andika alama ya # kwenye mstari wa juu yake, kisha namba ya zamani na sababu. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya mashine.