Kabla hujaandika "kimbia"

Ukianza kutafsiri hapa Nairobi, iwe ni habari za redio, mabango ya afya au hati za wakili, maneno yatakayokutoa jasho si yale marefu ya kitaalamu. Hayo yana kamusi zake. Ogopa neno la Kiingereza run, ambalo kila mtoto wa shule analijua. Kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi hicho maana zaidi ya 600. Katika toleo la 1989 set ndiyo iliyojaza kurasa nyingi zaidi, lakini siku hizi run imeipita.

Usijaribu kuzikariri. Uliza kwanza: ni nini kina-run? Mara nyingine jibu litakuonyesha kwamba Kiswahili hakihitaji kitenzi chochote. Mkataba uki-run miaka miwili, huo ni mkataba wa miaka miwili, basi.

Chukua running water. Kwenye tangazo la nyumba ya kupangisha Umoja au Kasarani, ni maji ya mfereji. (Kama kweli yanafika ni hadithi nyingine.) Kwenye bango la kunawa mikono, kama yale ya wakati wa korona, ni maji yanayotiririka, hata yakitoka kwenye mtungi uliotobolewa. Ukiandika "maji ya mfereji" hapo, umemwambia asiye na mfereji kwamba bango halimhusu.

Siasa ni rahisi: mtu aki-run, anawania kiti, na running mate wake ni mgombea mwenza. Ila run-off ina mtego. Vyombo vya habari husema duru ya pili, nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 138, inazungumzia uchaguzi mpya ndani ya siku 30 kati ya wawili walioongoza. Kwa habari, tumia duru ya pili. Kwa hati ya kisheria, fuata Katiba.

Bank run haina jina fupi, nami sioni haja ya kulibuni. Aprili 2016 wateja wa Chase Bank walimiminika kutoa pesa zao, kisha benki ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama. Sentensi hiyo inatosha.

Mahakamani ndiko kugumu zaidi, maana mkalimani hana nafasi ya kurudi nyuma na kufuta. Shahidi akisema the driver ran the red light, dereva alipita taa ikiwa nyekundu. Ukitamka "dereva alikimbia", umemfanya mtoro, na kugonga mtu kisha kutoroka ni kosa jingine kabisa. Ukiwa na shaka, omba mahakama ruhusa shahidi afafanue.