Maswali ya Wasomaji: Sefu ya Bunduki Nyumbani

Barua zilizotufikia kuhusu uhifadhi wa silaha za leseni majumbani ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa makusudi, kwani barua inayoeleza kuwa nyumba fulani ina bunduki haifai kuchapishwa pamoja na jina la mwenye nyumba.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki bunduki mbili za kuwindia na bastola moja, zote kwa leseni. Muuzaji amenionyesha sefu mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ina mlango mnene, makomeo 14 yanayong'aa na kibandiko kinachosema inahimili moto kwa saa moja. Ya pili haina mapambo na makomeo yake ni machache, lakini ni nzito zaidi ingawa ukubwa ni ule ule. Nichukue ipi?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa tunaelekea kwenye ya pili, lakini kabla hujalipa muulize muuzaji jambo ambalo vibandiko vingi hulinyamazia: bamba la chuma la ubavuni lina unene wa milimita ngapi? Mlango ndio unaotazamwa dukani, kwa hiyo ndio unaopambwa. Mwizi mwenye mashine ya kukatia chuma hana shida na mlango wala na makomeo yake 14, kwa kuwa atakata ubavu. Unene huo mara nyingi hutajwa kwa geji, na hapo wanunuzi wengi huteleza, maana kadiri namba ya geji inavyopungua ndivyo bamba linavyozidi kuwa nene. Geji 12 ni takriban milimita 2.7, geji 10 ni takriban milimita 3.4, na geji 7 hufikia milimita 4.5 hivi. Mlango nao uufungue, uutazame ukingoni, na utake kujua katika unene ule wote ni milimita ngapi zilizo chuma kitupu, kwa sababu milango mingi inayoonekana minene ni bamba jembamba lililokunjwa na kujazwa jasi.

Kibandiko cha kuaminiwa ni kile cha maabara isiyo ya mtengenezaji mwenyewe. Nchini Marekani, kwa mfano, alama ya RSC (kasha la usalama la makazi) daraja la kwanza, inayotolewa na UL, taasisi ya kupima usalama wa bidhaa, ina maana kwamba kasha lilistahimili dakika 5 za kazi halisi ya mtu mmoja mwenye zana za mkono, na alama yao ya juu zaidi, TL-15, ni dakika 15 dhidi ya zana nzito zaidi, zikiwemo za umeme. Barani Ulaya utakutana na viwango vya EN: EN 14450 kwa makabati ya usalama, yenye madaraja S1 na S2, na EN 1143-1 kwa sefu zenyewe. Dakika hizo huhesabiwa zana inapokuwa kazini tu, wala si mwizi anapopumzika au kubadilisha kisu cha mashine.

Kuhusu moto, maneno "saa moja" peke yake hayatoshi. Ni lazima kibandiko kitaje joto la tanuri lililotumika na joto lililofikiwa ndani. Katika kipimo cha UL 72 cha daraja la 350, kwa mfano, ndani haparuhusiwi kuzidi nyuzi 350 za Fahrenheit, yaani 177 za Selsiasi, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya kuokoa karatasi. Jasi iliyomo kwenye kuta hufanya kazi kwa kutoa maji yaliyofungika ndani yake, na maji hayo huwa mvuke. Kwa hiyo hata sefu iliyoshinda moto itakupa bunduki zilizoloana, na ni lazima uzikaushe na kuzipaka mafuta mara tu sefu itakapokuwa imepoa kabisa. Usiifungue ikiwa bado ya moto, kwani hewa mpya inaweza kuwasha vilivyomo.

Neno la mwisho kwako ni nafasi. Sefu "ya bunduki 10" imehesabiwa kwa bunduki nyembamba zisizo na darubini, zilizobanana bega kwa bega, na idadi hiyo huwa ni ya matangazo zaidi kuliko ya matumizi. Chukua kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.

SWALI: Sefu yangu ina uzito wa kilo 250. Fundi aliyeileta alisema haina haja ya kufungwa sakafuni kwa kuwa hakuna atakayeweza kuibeba. Iko ghorofani, na nyumba si yangu, nimepanga. Je, alisema kweli?

JIBU: Muulize aliibebaje yeye. Watu wawili wenye kitoroli waliiingiza, na watu wawili wenye kitoroli wanaweza kuitoa, kisha wakaipasua mahali pengine bila haraka. Hata wasipoiondoa, sefu isiyofungwa huangushwa chali, na hapo mwizi anaweza kuukalia mtaimbo kwa uzito wake wote. Tena iko hatari isiyohusu wezi: sefu nyembamba yenye mlango mzito ikifunguliwa, uzito huhamia mbele, na mtoto akiuning'inia mlango huo inaweza kumwangukia.

Sefu nyingi huja na matundu chini kwa ajili ya kazi hii. Kwenye sakafu ya zege hutumika bolti zinazopanuka ndani ya tundu. Fundi huisimamisha sefu mahali pake, hutoboa kupitia matundu hayo kwa drili ya kugonga, huenda chini kidogo kupita urefu wa bolti, kisha hutoa vumbi lote kwa pampu au kifyonzi. Hapo pa vumbi usimwachie alipue kazi, kwa sababu bolti iliyokaa juu ya unga wa zege hukaza leo na kulegea baadaye. Kabla ya tundu la kwanza ni lazima ijulikane kilichomo chini: mabomba, nyaya za umeme na, katika baadhi ya majengo, kebo za chuma zilizovutwa ndani ya zege, ambazo kuikata moja ni hatari kwa fundi na kwa jengo lenyewe. Kwenye sakafu ya mbao, skrubu ziingie kwenye mihimili. Ubao wa juu peke yake haushiki kitu.

Kwa kuwa uko ghorofani, fanya hesabu. Sakafu za makazi kwa kawaida hubuniwa kubeba kati ya kilo 150 na 200 kwa kila mita ya mraba. Sefu yako, ikiwa kitako chake ni sentimita 50 kwa 60, inakalia mita za mraba 0.3, yaani inaikandamiza sehemu hiyo kwa zaidi ya kilo 800 kwa mita ya mraba. Hilo halimaanishi kuwa sakafu itaporomoka, kwa sababu uzito husambaa kwenye eneo kubwa zaidi, lakini ni sababu ya kuisogeza karibu na ukuta unaobeba jengo na kumwita mhandisi aangalie kabla hujaijaza. Kona ndiyo bora, upande wa kufungukia ukiwa karibu na ukuta ili mtaimbo ukose nafasi ya kuzungushwa, mradi mlango ufunguke vya kutosha na sefu isionekane dirishani.

Mwenye nyumba akupe ruhusa ya kutoboa kwa maandishi. Matundu machache huzibwa kwa saruji unapohama.

SWALI: Kufuli la sefu liwe la vitufe au la gurudumu la namba linalozungushwa? Ninaogopa betri kuisha wakati wa shida. Pia mke wangu anauliza funguo za akiba tuziweke wapi, kwa kuwa tuna watoto.

JIBU: Betri ikiisha, kufuli la vitufe halisahau namba ya siri, kwani namba imehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Makufuli mengi yanatumia betri ya volti 9 inayobadilishwa kutoka nje, au yana sehemu ya nje ya kugusisha betri mpya hadi mlango ufunguke. Tumia betri za alkali zinazoaminika, uzibadilishe kila mwaka hata kama hazijaisha. Kufuli la gurudumu halihitaji betri na hudumu sana, ila ni la polepole, na gizani ni taabu tupu. La alama ya kidole ni la haraka, lakini hukataa kidole kilicholoa au chenye mafuta.

Namba iliyowekwa kiwandani ibadilishe siku ile ile, na usitumie tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumbani. Unapoweka namba mpya, ijaribu mara kadhaa mlango ukiwa wazi, makomeo yakiwa yametoka, kabla hujathubutu kuufunga.

Mwambie mama watoto hivi: ufunguo wa akiba ulio juu ya kabati au chini ya nguo, watoto wameshauona. Uwekeni ndani ya kasha jingine la namba, au nje ya nyumba kabisa, mradi masharti ya leseni yanaruhusu. Risasi nazo zifungiwe peke yake. Katika nchi nyingi hilo ni sharti la kisheria.

SWALI: Ninapaka bunduki yangu mafuta kila ninapoirudisha kwenye sefu, lakini safari hii nimekuta madoa ya kahawia kwenye mtutu. Kosa ni la mafuta?

JIBU: Yatazame madoa hayo kwa karibu. Yakiwa na umbo la kidole gumba na mistari yake, ni jasho la mkono: ulipaka mafuta, kisha ukaushika mtutu unapoiingiza sefuni. Mguso wa mwisho uwe wa kitambaa chenye mafuta. Yakiwa ni nukta nukta upande mmoja tu, huenda bunduki ililazwa kwenye mkoba wa sponji, nao hunyonya unyevu na kuung'ang'aniza kwenye chuma. Ala ya ngozi hufanya vivyo hivyo kwa bastola. Mikoba na ala zote zikae nje ya sefu.

Kisha nunua kipimo cha unyevu, kifaa kidogo kisicho cha gharama. Lenga asilimia 45 hadi 50: juu zaidi kutu hukaribishwa, na chini sana kitako cha mbao kinaweza kupasuka. Punje za silika hufyonza unyevu, lakini zikishashiba hazina kazi hadi zikaushwe kwa joto kama maelezo yake yanavyosema, na wengi huzisahau humo kwa miaka. Fimbo ya umeme inayopasha hewa joto kidogo hukaa chini kabisa, waya wake ukipita kwenye tundu la nyuma, na haihitaji kukumbukwa. Sefu iliyokaa moja kwa moja juu ya zege hupokea unyevu kutoka chini, kwa hiyo wekea vipande vya mpira kabla ya kukaza bolti.

Makomeo yapakwe grisi kidogo mara moja kwa mwaka. Ndani ya kufuli usipulizie mafuta ya aina yoyote, kwa maana hunasa vumbi na kuganda. Likianza kukwama, liachie fundi wa makufuli, na umwite mlango ukiwa bado unafunguka.