Tehdä na tenda: ni ndugu au wamefanana tu?

SWALI: Mwalimu, najifunza Kifini. Kitenzi chao tehdä maana yake kufanya, na Wahungari wana tenni. Vyote vinafanana na "tenda" yetu. Kamusi inasema asili yake haina uhakika. Basi si huenda kimetoka huku kwetu?

JIBU: Hapana. Vivue nguo kwanza. Hiyo -dä inafanya kazi ya ku- yetu, na -ni ya Kihungari vilevile. Ile h ilikuwa k, ikalegea mbele ya t (d hiyo nayo ilikuwa t). Ndiyo maana "anafanya" ni tekee. Kwa hiyo mzizi wa Mame-Kifini, lugha ya kale iliyozaa Kifini, ni *tek-. Nyota inakuambia kwamba hakuna aliyeukuta umeandikwa, wataalamu wameujenga upya. Sasa uweke kando ya -tend-. K yao haina mwenzake kwetu, nd yetu haina mwenzake kwao.

Mashaka ya kamusi ni mengine kabisa. Lugha-mame ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India, ilikuwa na mzizi *dʰeh₁-, uliozaa do ya Kiingereza. Swali ni kama *tek- ina uhusiano nao. Mwanaisimu wa Kifini Jorma Koivulehto alitetea hoja kwamba sauti za kooni za lugha hiyo zilisikika kama k katika mikopo ya kale sana ya Kifini na ndugu zake, kwa hiyo *tek- huenda ni mkopo. Wengine wanasema familia hizo mbili, ya Kifini na ya Kihindi-Kiulaya, zina babu mmoja, wengine wanaona sadfa. Kwetu mkopo ni rahisi kuunusa: fikiri, samehe na jibu vimekataa kuishia na -a. Tehdä haina alama kama hiyo, imevaa Kifini tangu utosini hadi unyayoni.

Kinachonichosha ni watu wanaosoma "asili haina uhakika" wakaona kiwanja kisicho na mwenyewe. Haben ya Kijerumani na habere ya Kilatini zote ni "kuwa na", lakini si ndugu! Ndugu wa haben ni capere, "kushika", kwa kuwa h ya mwanzo ya Kijerumani hukutana na k ya Kilatini, inayoandikwa c. Anayelinganisha kwa sikio tu hawezi kuliona hilo.

Juzi nimetumiwa orodha ya maneno "yanayothibitisha" kwamba Kiswahili kimezaa lugha za Ulaya na Arabuni. Kitabu kimo, kimekatwa ki + tabu, eti elimu ni taabu. Ni kitab ya Kiarabu. Ki- tuliichukulia kuwa kiambishi ndipo tukapata vitabu. Mwenye orodha anauza kozi.