Kopo linabonyea ukilitoboa? Ligandishe kwanza

Ukitoboa kopo la bati kwa msumari ili liwe taa ya mshumaa, linabonyea kwa sababu ndani ni tupu, msumari unapiga hewa. Lijaze maji, acha nafasi ya vidole viwili juu (maji yakiganda hutanuka kwa takriban 9%), weka kwenye friza usiku mzima. Kitako kikivimba, kipige taratibu na nyundo baadaye.

Chora ua lako kwa vitone kwenye karatasi, ibandike kwenye kopo kwa selotepu, laza kopo juu ya gunia lililokunjwa, kisha toboa kwa kufuata vitone. Misumari ya ukubwa tofauti ndiyo inayoleta urembo wenyewe. Tundu za saizi moja hupooza taa. Usizisogeze karibu mno, bati litachanika.

Huna friza? Gogo linaloingia kopo barabara linatosha, na mimi naona hata ni bora, halikuharakishi.

Barafu ikiyeyuka, futa maji yote upesi na upake rangi: kila tundu limefichua chuma, na kutu huanzia hapo. Ndani kuna ncha kali, pitisha tupa kabla ya kutia mkono. Kwa kuning'iniza, waya wa kufungia nondo. Kamba ya plastiki itayeyuka kwa joto la mshumaa.