OCD (ugonjwa wa mawazo yasiyotoka kichwani na kurudia-rudia vitendo) inapata watu wangapi, na Waafrika je?

Swali: Daktari shikamoo, mi ni mwalimu huku Arua, Uganda. Mpwa wangu anatia udhu, anarudia, anarudia tena mpaka wenzake wanamaliza kuswali yeye bado yuko kwa maji. Mmoja kaniambia ni OCD, mwingine akasema hiyo ni ya wazungu, sisi hatuna. Ukweli ni upi?

Jibu: Marahaba mwalimu. Ya wazungu hapana, nakataa kabisa. Kila nchi ambako watu wameulizwa vizuri imepatikana, na hesabu nyingi zinaangukia kati ya 1 na 3 kwa kila watu 100 katika maisha yao. Marekani ni kama 2.3. Utafiti wa mwaka 1994 uliolinganisha nchi mbalimbali ulipata karibu 2 Kanada, Ujerumani, Korea na New Zealand, Taiwan peke yake ikashuka mpaka 0.7, lakini huko hata magonjwa mengine ya akili yalitoka kidogo, kwa hiyo mi sisemi wao wana kinga.

Sasa kwa nini watu wanadhani ni ugonjwa wa nadra? Zamani hata huko Ulaya na Marekani walisema ni watu 5 tu kwa 10,000, kwa sababu walihesabu waliofika hospitali, na mgonjwa wa OCD anaficha, anaona aibu, anajua hayo mawazo hayana maana lakini yanamshinda. Miaka ya 1980 walipoanza kugonga milango nyumba kwa nyumba namba ikaruka. Hapa kwetu ndo tuko bado kwenye kuhesabu wanaofika Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na kliniki, na wengi wanapelekwa kwanza kwa shehe au mchungaji.

Kinachobadilika ni sura yake. Misri, wagonjwa wengi walikuwa na mawazo ya dini na ya najisi, kama huyo mpwa wako. Wavulana wanaanza mapema, wengine kabla ya miaka 10, ukubwani wanawake wanazidi kidogo.

Kurudia udhu mara moja moja siyo ugonjwa, ila ikimla saa nzima au zaidi kwa siku, au akikosa masomo, mpeleke kitengo cha akili hospitali ya rufaa hapo Arua. Kuna dawa kama fluoxetine, na kuna tiba ya kumzoesha kuacha kurudia polepole. Na nyumbani akiuliza "udhu wangu umekamilika?", msimjibu kila mara, inamzidishia.