Wi-Fi inaunganika lakini intaneti haipo baada ya kusasisha Windows

Pole sana ndugu. Kwa kuwa umesema simu inaperuzi vizuri kwa ruta hiyohiyo, iache ruta, tatizo liko kwenye laptop.

Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, utazame anwani ya IPv4 (namba inayoitambulisha laptop kwenye mtandao). Ikianza na 169.254, laptop haijapewa anwani na ruta, bali imejipa yenyewe. Fungua cmd kama msimamizi, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, halafu uiwashe laptop upya. Kama una VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), iondoe kwanza. Mara nyingi hugombana na toleo jipya la Windows.

Anwani ikiwa sawa, andika kwenye cmd ping 8.8.8.8, kupima kama intaneti inajibu. Ikijibu, shida ni DNS tu (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba): andika ipconfig /flushdns.

Bado? Basi nashuku draiva (programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi), maana sasisho huweza kuibadilisha bila wewe kujua. Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua sifa za kadi ya Wi-Fi, kwenye sehemu ya draiva urudishe ile ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, pakua draiva kwa simu kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptop, uihamishe kwa waya wa USB.

Tafadhali usikimbilie kuweka mtandao wote upya (Network reset ya Windows), utapoteza nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi.